KUTOA NA KUPOKEA
Somo juu ya ushirika wa makanisa katika kazi ya utume

Masomo ya kusoma kwanza: Wafilipi 2:25-30 na 4:10-20, 2 Wakorintho 8, Warumi 15:25-29.



Mwezi huu tunajifunza habari ya makanisa yaliyo mbali yanapofungamana kuwa ndugu katika kazi ya Injili. Maneno yenyewe twayasikia mara nyingi: ushirika, dayosisi rafiki, parishi rafiki. Twayataja katika maombi, na wageni wanapofika twawapigia vigelegele. Lakini ukimwuliza Mkristo wa kawaida maana ya ushirika huo ni nini, huenda akakujibu upesi kwamba ni watu wa ng'ambo kutusaidia sisi. Jibu hilo ni fupi mno. Tena lina hatari ndani yake, kwetu sisi na kwao vile vile, kama tutakavyoona.

Tuanze Filipi. Mtakatifu Paulo alikuwa kifungoni alipowaandikia Wakristo wa mji ule. Nyuma yake hapakuwa na chama cha misioni wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Wafilipi walikuwa wamemtumia mahitaji zaidi ya mara moja, hata siku zile alipokuwa Thesalonike, na sasa wametuma tena kwa mkono wa Epafrodito. Angalieni jinsi Mtume anavyopokea. Ashukuru kwa furaha nyingi, wala hajifanyi kwamba hakuwa na shida. Walakini haombi nyongeza. Asema amejifunza kuridhika, akiwa na vingi au akiwa na vichache, na kwamba jambo analolitafuta ni faida iongezeke upande wa hesabu yao wao. Maneno yake ni ya wafanya biashara: kutoa, kupokea, hesabu. Kila upande una daftari lake, na katika kila daftari kuna ukurasa wa yaliyoingia na ukurasa wa yaliyotoka.

Tena tusimpite Epafrodito kwa haraka. Kanisa lilituma fedha, na pamoja na fedha likamtuma mtu. Mtu huyo alikaa na Paulo, akaugua karibu kufa, habari zikafika nyumbani Filipi, wakafadhaika huko, na Epafrodito akafadhaika kwa kuwa wao wamefadhaika. Yeyote miongoni mwetu aliyewahi kumwuguza mgeni aliyeshikwa na malaria usiku wa manane, mbali na mama yake, anafahamu kwamba hapo ndipo mgeni anapogeuka kuwa ndugu. Fedha peke yake haiugui.

Sasa tutazame changizo la Yerusalemu. Huku mambo yamegeuzwa kabisa. Kanisa la Yerusalemu ndilo kanisa mama; kutoka kwake Injili ilienea hata Antiokia, na hata Makedonia na Akaya. Lakini mama huyo alikuwa na njaa, na watoto wake wa mbali wakakusanya fedha za kumlisha. Paulo awaambia Warumi kwamba lilikuwa deni: watu wa Mataifa wameshiriki mambo ya roho ya Wayahudi, basi yawapasa kuwahudumia kwa mambo ya mwili. Na Wamakedonia wenyewe hawakuwa matajiri. Paulo asema walikuwa katika umaskini mwingi, na bado walimsihi awape nafasi ya kushiriki. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Katika sura ile ya nane kuna jambo dogo ambalo wahubiri hulipita, nasi hatutalipita. Paulo hakukubali kuzibeba fedha zile peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asipate sababu ya kumlaumu juu ya fedha nyingi namna ile. Asema ajitahidi kufanya yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ikiwa Mtume aliyemwona Bwana njiani aliona yafaa kuwa na mashahidi wa fedha, hakuna mweka hazina wa parishi anayepaswa kununa anapoulizwa risiti. Urafiki mwingi kati ya makanisa umekufa kwa ajili ya barua moja ambayo haikuandikwa: barua ya kueleza zile fedha zilifanya nini.

Hayo ni ya zamani za Mitume. Tuje kwa babu zetu.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alisema na wanachuo wa Cambridge juu ya nchi za Afrika ya kati, na kutokana na hotuba hiyo ikazaliwa misioni ya vyuo vikuu, ambayo wazee wetu waliiita UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikaa Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, mwaka 1861. Tarehe 31 Januari 1862 alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Askofu Tozer aliyemfuata aliihamisha misioni hata Unguja mwaka 1864. Watu wa misioni hiyo hawakupokea mshahara. Walipewa posho na chakula tu, na wengi walizikwa huku huku. Upande wa Mombasa ndiyo vivyo hivyo. Johann Ludwig Krapf wa CMS alifika mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Twayataja makaburi haya kwa heshima, maana walitoa walichokuwa nacho.

Lakini historia ikiishia hapo imesimuliwa nusu. Wageni hao walifika hawajui lugha. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, aliketi Unguja kama mwanafunzi, akifundishwa Kiswahili na wenyeji, na wengine wao walikuwa Waislamu. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo. Agano Jipya tulilosoma kwa Kiswahili lilitoka katika midomo ya Waswahili kabla halijatoka katika mtambo wa kupigia chapa. Hapo kanisa la Uingereza lilipokea, tena lilipokea kitu ambacho fedha zake zote zisingeweza kukinunua.

Na ni nani waliobeba kazi? Mwaka 1864 Sultani wa Unguja aliwapa watu wa misioni watoto watano waliokuwa wameokolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa daraja ya ushemasi. Cecil Majaliwa naye, Myao aliyepata kuwa mtumwa, alipewa upadre mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza kuupata katika misioni hiyo, na aliiongoza kazi ya Chitangali upande wa Rovuma. Watu hawa walikuwa wameuzwa sokoni kama mbuzi. Wakarudi bara wakiwa na Injili mkononi, kwa watu ambao huenda miongoni mwao walikuwamo waliowauza. Sisi twaona kwamba habari ya Majaliwa yafaa kufundishwa katika shule zetu za Jumapili sawasawa na ile ya Livingstone, na twashangaa kwamba haifundishwi.

Mtu akisema kwamba umisionari ni kazi ya Wazungu kuja Afrika, mwambieni habari ya Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata tayari alikuwa amevuka hata Mboga, ambayo leo ni sehemu ya Kongo. Hakupelekwa na gari wala na treni. Alikwenda kwa miguu, akiona milima ya Rwenzori yenye theluji pembeni mwake, kwa watu ambao hawakuwa kabila lake wala hawakula chakula chake. Mtawala wa huko, Tabaro, hakupendezwa. Apolo alipigwa, na mara moja alishtakiwa juu ya kifo cha dada yake mtawala, akafungwa, akapelekwa mbali. Alipofunguliwa alirudi Mboga. Baadaye Tabaro mwenyewe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Apolo alipewa upadre mwaka 1903, na katika uzee wake aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau. Alifariki mwaka 1933 huko huko Mboga. Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi ilikuwa bado upande huo. Kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo waamini wake wengi husali kwa Kiswahili kama sisi, lilikua kutoka katika kazi hiyo ya Mganda mmoja na wenzake.

Basi, kama kutoa na kupokea kulikuwako tangu mwanzo, kwa nini tulizoea kufikiri kwamba wengine ni watoaji na wengine ni wapokeaji? Sababu mojawapo ni kwamba fedha huonekana kuliko vitu vingine. Jengo la shule lina jiwe lenye jina la aliyelitoa. Mama mzee aliyemfundisha mmisionari kusalimia watu hana jiwe. Sababu nyingine ni ukoloni, ambao ulifanya kanisa la mbali lionekane kama serikali ya mbali. Hata hivyo si wote waliofikiri hivyo. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa CMS tangu mwaka 1841, alifundisha kwamba shabaha ya misioni ni kanisa la wenyeji linalojitawala, linalojitegemea na kujieneza, na kwamba misioni ikifanikiwa yapasa kuondoka. Wengi waliomfuata hawakuwa na haraka ya kuondoka. Askofu wa kwanza Mwafrika katika kanisa letu la Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu Namirembe tarehe 15 Mei 1955, siku moja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya. Ndiyo kusema, miaka mia na zaidi baada ya Krapf.

Askofu Omari tumtaje tena kidogo. Tangu mwaka 1927 Wakristo wa Australia walikuwa wakituma wamisionari katika Tanganyika ya kati. Mwaka 1959 Askofu Omari na Festo Kivengere, Mganda aliyekuwa mwalimu Dodoma, walikwenda Australia kuhubiri. Wale waliotuma walikaa katika viti vya kanisa lao, wakasikiliza.

Agosti 1963 Waanglikana wa dunia nzima walikutana Toronto, Kanada. Huko wakuu wa majimbo walitoa tangazo juu ya kuwajibikiana na kutegemeana katika Mwili wa Kristo. Walikataa wazo kwamba utume ni hisani ya wenye nacho kwa wasio nacho, wakasema kila kanisa lijiulize limepewa nini na Mungu na lina haja ya nini. Tangazo hilo liliomba pia dola milioni 15 katika miaka 5 kwa ajili ya mahitaji ya haraka. Hapo tunda zuri likaingia mdudu. Dayosisi za Afrika na Asia ziliandika orodha za miradi, na dayosisi tajiri zikachagua katika orodha kama mtu achaguavyo kitambaa dukani: hiki nakipenda, kile sikitaki. Aliyeandika orodha alizidi kuwa mwombaji, na aliyechagua alizidi kuwa bwana. Maneno yalikuwa mapya, mwendo ukawa ule ule.

Ndipo Baraza la Ushauri la Waanglikana, lililokutana mara ya kwanza Limuru, Kenya, mwaka 1971, likakutana tena Dublin mwaka 1973 na kuanzisha utaratibu wa washirika katika utume. Kila kanisa lingeketi na wageni kutoka makanisa mengine, na kuyachungua mambo yake yote mbele yao, si yale yanayohitaji fedha tu. Na kanisa la Uingereza pia lilitakiwa kuketi hivyo, liulizwe maswali na wageni. Twaona hilo ndilo lililokuwa jambo jipya.

Katika siku zile zile sauti kali zaidi ilisikika kutoka kwa Mkenya. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alisema kwamba wamisionari na fedha za ng'ambo zisimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yapate kujitambua na kusimama kwa miguu yake. Mwaka 1974, katika mkutano wa Lusaka, Baraza la Makanisa ya Afrika Yote liliunga mkono wazo hilo. Wengi walikasirika, na si Wazungu tu. Waafrika ambao kazi yao ililipwa kutoka ng'ambo walikasirika zaidi. Sisi hatusemi kwamba Gatu alikuwa na haki katika kila neno. Mkono ukikataa kupokea kabisa, mwili nao utakosa ushirika. Lakini swali lake halijazeeka: misaada yote ikikoma Jumatatu, Jumapili inayofuata parishi itaendelea kuwa na nini? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mithali hiyo haikusema kwamba kanisa haliwezi kufa hivyo.

Tangu mwaka 2003 swali hilo limerudi kwa njia nyingine. Kwa sababu ya ugomvi juu ya mafundisho ya ndoa, majimbo kadhaa ya Afrika, Uganda mojawapo, yalikataa fedha za kanisa la Marekani. Ugomvi wenyewe si somo letu la leo. Twautaja kwa kuwa umewaonyesha watu wengi kwamba kupokea ni tendo la imani kama kutoa, na kwamba fedha haiji peke yake.

Tuje sasa kwa parishi yetu. Kama mnavyojua, mwaka huu tumepewa parishi rafiki huko Uingereza, kama zilivyofanya dayosisi nyingi kwa miaka mingi: Morogoro na Worcester, Mpwapwa na Rochester, Western Tanganyika na Gloucester. Mwezi ujao halmashauri ya parishi itaketi kuandika barua ya kwanza. Katika kikao kilichopita yalitajwa mabati, kinanda na pikipiki ya padre. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hanyanyui mkono, akauliza, "Na sisi tutawapelekea nini?" Wengine walicheka. Kisha pakawa kimya, maana hakuna aliyekuwa na jibu tayari.

Sisi twapendekeza jibu. Habari tuliyoletewa ni kwamba padre wa parishi ile anahudumia makanisa sita ya vijijini, watu wake ni wachache na wengi ni wazee, na Jumapili nyingine makanisa mengine hufungwa kwa kukosa wa kuongoza ibada. Wanaona jambo hili kuwa msiba mpya. Kwetu si jipya hata kidogo. Tangu siku za misioni padre mmoja amekuwa na makanisa mengi, na makatekista ndio walioyashika: kufundisha ubatizo, kuzika, kupatanisha waliogombana, kuongoza sala ya asubuhi mvua ikinyesha na padre amekwama njiani. Wengi wao hawakulipwa kitu cha maana. Watu wa parishi ile wanajifunza leo kazi ambayo makatekista wetu wanaijua kwa vizazi. Kwa nini asiandike mmoja wao, kwa mkono wake, jinsi anavyoandaa Jumapili bila padre, jinsi anavyowapa akina mama na vijana sehemu zao, na jinsi asivyokata tamaa? Barua hiyo ingekuwa na thamani kuliko orodha ya mabati.

Mtu atasema: na mabati je? Kanisa linavuja, na kuficha si unyenyekevu. Tuyataje, ila tutaje pia tulichokwisha kukusanya wenyewe na kile tunachokusudia kukusanya kabla ya mvua, hata kikiwa kidogo. Rafiki akijua tunajenga, ataweza kuamua kama atanyanyua boriti pamoja nasi. Na fedha zikija, majina mawili au matatu yasiyo ya ukoo mmoja yawe kwenye hesabu, na taarifa isomwe kanisani kabla haijatumwa Uingereza. Wenye sadaka ya sarafu yawapasa kuisikia kwanza.

Tena tuwaombe kitu ambacho si fedha. Tuwaombe majina ya wagonjwa wao na wafiwa wao. Umoja wa Akina Mama uliosambaa ulimwenguni kote ulianza kwa Mary Sumner mwaka 1876 katika parishi moja ya Uingereza. Leo akina mama wetu hukesha na wafiwa usiku kucha, na huko kwao, twaambiwa, mjane aweza kukaa wiki nzima bila kugongewa mlango. Akina mama wetu wakiwa na majina kumi ya wajane wa huko na kuyataja kila Alhamisi, na wajane hao wakiarifiwa kwamba wanatajwa, kitu kimekwisha kuvuka bahari.

Kwa vikundi vya kujifunza Biblia, haya ndiyo maswali ya juma la pili na la tatu. Katika Wafilipi 4, Paulo anapokea kwa namna gani, na ni tofauti gani na barua za shukrani tunazoziandika sisi? Ni nani katika historia ya kanisa la kijiji chenu aliyetoa sana na ambaye jina lake haliko kwenye jiwe lo lote? Waulizeni wazee, mkaandike, maana wengi wanaoyajua wamepita miaka themanini. Na la mwisho, ambalo majibu yake yaletwe kwa katibu wa parishi kabla ya kikao cha halmashauri: kila kikundi kitaje kitu kimoja ambacho parishi yetu inacho na ambacho parishi rafiki yaweza kukihitaji, na mtu mmoja aliye tayari kukiandika.